Asiyemaliza Hakuanza

Nchi ya Ukandani haimo kwenye ramani yoyote, na wenyeji wake husema kosa ni la ramani. Ni watu wanaojiamini. Ukimwambia Mkandani kwamba jua leo limechomoza magharibi, atakuuliza kwanza limepewa kibali na nani. Ndiko alikoalikwa Siwatu binti Makame, mpepetaji wa tafiti, mwanamke wa makamo mwenye mapana ya bibi yake mzaa baba na mwendo wa mtu anayejua aendako. Alisafiri vipi si hoja. Tuseme alifika, amechoka, na njaa inamuuma.

Kwao, mpepetaji huheshimiwa kama mkunga. Wataalamu wakigombana juu ya dawa, huitwa yeye, akapewa tafiti zote, nzuri na mbovu, za wakubwa na za wadogo, akazitia kwenye ungo mmoja na kuzirusha mpaka pumba ziende zake punje zibaki. Siwatu alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili na hakuwahi kuionea haya hata siku moja. Alikuwa na majivuno yake, tusifichane, na yalimkaa vizuri kuliko kanga.

Barua ya Baraza la Ukandani ilikuwa fupi: "Njoo utuambie ni tiba ipi ya unene iliyo bora, tuifanye sheria."

Sasa, Mkandani akitimiza miaka ishirini hukabidhiwa mkanda wa taifa. Mkanda huo una shubiri nne kamili, wala hauongezeki, kwa sababu hicho ndicho kilikuwa kiuno cha Muasisi wa nchi. Huvaliwa kila siku juu ya nguo, na mrefu na mfupi, na mama wa mapacha na kapera. Wanahistoria wao hukiri, kwa sauti ndogo, kwamba Muasisi alipimwa mwaka wa njaa. Milango ya ofisi zote za umma nayo imekatwa kwa upana wa Muasisi huyo huyo.

Siwatu aliujaribu mlango wa Baraza kwa mbele, akaujaribu kwa ubavu, akaishia bega moja ndani na jingine nje. Karani Mkuu, Bwana Ngwali, mzee mwembamba mwenye adabu nyingi, alimtazama kwa huruma.

"Pole, Bibi Mpepetaji," alisema. "Mlango huu haujawahi kumkataa mtu. Mtu ndiye huukataa mlango."

"Mmeniita niwashauri juu ya watu wanene," Siwatu alisema huku akijinasua, "na mnakaa nyuma ya mlango ambao mtu mnene hapiti. Sasa hao wagonjwa wenu huwa mnawaona wapi?"

"Wakishapungua," alijibu Bwana Ngwali.

Siwatu alimwangalia usoni atafute chembe ya utani, hakuiona. Ikakubaliwa kwamba taarifa zote zitapitishwa dirishani, na mgeni atafikia kwa Bi Mashavu, fundi wa mikanda ya taifa, kwa kuwa nyumba yake ndiyo pekee iliyokuwa na mlango mpana. Serikali ilimruhusu aupanue ili majora ya kitambaa yapite. Kitambaa, katika nchi ile, kiliruhusiwa kuwa kinene.

Mtu ambaye mkanda wake umegoma kufunga hupelekwa kwenye moja ya Nyumba Nne. Kuna Nyumba ya Kufunga, ambako watu hula mlo mmoja na kuhubiriwa wa pili. Kuna Nyumba ya Mbio, ambako huzunguka ukuta mrefu tangu alfajiri. Kuna Nyumba ya Sindano, ambako huchomwa dawa ya kutuliza njaa, na Nyumba ya Mshono, ambako daktari hulipasua tumbo na kulishona liwe dogo. Siku mkanda unapofunga tena, ngoma hupigwa, jina huchongwa kwenye ukuta wa Nyumba iliyomponya, na mtu hurudishwa kwao kwa vigelegele. Siwatu aliiona sherehe moja siku ya pili yake. Aliyepigiwa ngoma alikuwa mpishi wa shule, amekimbia siku tisini, na alikuwa akitabasamu kama mtu aliyesamehewa. Siwatu alilengwalengwa na machozi, akashangilia na wenzake. Hakuwa mtu wa kudharau jasho la mtu.

Siku ya tatu alikwenda dirishani na taarifa mkononi.

"Bwana Ngwali, Nyumba ya Mbio inasema watu mia walitibiwa na mia wakapona. Kufunga, mia kwa mia. Sindano, mia kwa mia. Mshono, mia kwa mia. Tangu nianze kazi hii sijaona nchi yenye bahati namna hii."

Karani alifurahi. "Si bahati, Bibi. Ni nidhamu."

"Walioingia Nyumba ya Mbio mwaka jana walikuwa wangapi?"

"Mia."

"Hao ni waliotoka na ngoma. Mimi nauliza walioingia."

"Ndio hao hao." Bwana Ngwali alinyoosha kidole juu ya dirisha, palipochongwa kwa herufi za dhahabu: ASIYEMALIZA HAKUANZA. "Hiyo ni sheria ya kwanza ya Kitabu chetu cha waliotibiwa. Anayeshindwa njiani hufutwa, ili asiwavunje moyo wenzake."

"Juzi nimemwona mama mmoja akiingia pale kwa miguu yake miwili. Leo nimemwona akitoka anachechemea, kifundo kimevimba."

"Umemwona akipita langoni," Bwana Ngwali alisema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Kuingia ni jambo jingine. Huamuliwa mwishoni."

Siwatu alivuta pumzi. "Haya. Na hao waliopigiwa ngoma, mwaka wa pili huwa wana hali gani? Wa tatu?"

Hapo Karani aliona haya kwa niaba yake, akatazama kando. "Bibi, aliyepigiwa ngoma haulizwi. Ni utovu wa adabu. Wewe ukikutana na bwana harusi baada ya mwaka, utamuuliza kama bado ana mke?"

"Kwetu tunauliza," alisema Siwatu. "Na majibu yake hufundisha sana."

Aliondoka pale na mzigo wa karatasi zisizo na punje hata moja. Miaka ishirini na miwili alikuwa amepepeta tafiti za kila aina, zenye watu wachache, zenye watu waliochaguliwa kwa upendeleo, zilizolipiwa na wauza dawa. Lakini nchi nzima iliyokubaliana kwa adabu kutohesabu, hiyo ilikuwa mpya kwake.

Jioni hiyo mpiga mbiu alipita akitangaza muswada. Spika wa Baraza, Mheshimiwa Shaame Mwinyikombo, aliyepigiwa ngoma Nyumba ya Mbio miaka kumi na mitano nyuma na ambaye jina lake limechongwa kwa herufi kubwa kuliko mengine yote, alipendekeza hivi. Kwa kuwa ukuta wa Nyumba ya Mbio ndio wenye majina mengi zaidi, Mbio iwe tiba ya taifa, na Nyumba nyingine tatu zifungwe. Atakayekaa siku tisini bila kupigiwa ngoma aitwe Mkaidi, na hospitali zisimtibu sukari wala magoti mpaka mkanda wake ufunge. Baraza litakaa uwanjani baada ya siku tisa. Maoni ya mgeni yatasikilizwa, kwa heshima.

Bi Mashavu alikuwa amekaa mbele ya cherehani akitunga uzi kwenye sindano. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnene, mweusi wa kung'aa, utepe wa kupimia umemning'inia shingoni tangu asubuhi. Mbiu ilipokwisha aliiweka sindano chini.

"Mdogo wangu," alisema, "wakikuuliza ukasema Mbio ndiyo bora, mimi mwakani nitakuwa kipofu."

Akamweleza, bila kulia, maana hakuwa mtu wa kulia mbele ya kazi. Ana sukari. Nyumba ya Kufunga ilimpigia ngoma mara moja, Nyumba ya Mbio mara mbili, na kila mara mwili ulirudi, na mara ya mwisho ulirudi na nyongeza. Miaka miwili iliyopita macho yalianza ukungu. Akawa hawezi kutunga uzi, na fundi asiyetunga uzi ni nini? Kisha akaingia Nyumba ya Sindano. Njaa ile iliyokuwa ikimpigia kelele usiku na mchana ikanyamaza. Sukari ikashuka, ukungu ukasimama pale ulipofika, akarudi kwenye cherehani yake, akawa anakwenda Nyumba ile kudungwa tu.

"Lakini kuna sheria," alisema. "Mkanda ukifunga, ngoma inapigwa, na aliyepona hadungwi tena. Shoga zangu wote waliosimamishiwa sindano walirudi walikotoka kabla mwaka haujageuka. Kwa hiyo mimi wakija kunipima najaza pumzi, natoa tumbo nje, mkanda unakataa kwa vidole viwili. Miezi kumi na minane sasa. Nchi nzima inadanganya kwa kuvuta tumbo ndani, mimi nadanganya kwa kulitoa nje!"

Wakacheka mpaka Bi Mashavu akajifuta macho kwa utepe. Kisha Siwatu akasema lililomuuma kulisema.

"Dada, siwezi kusimama uwanjani nikasema dawa yako ni nzuri kwa sababu umenipa chakula na kitanda. Ungo haujui shoga. Nikisema jambo nisilolipima, nitakuwa mmoja wao. Nahitaji kujua walioingia wote, na wote walikuaje baada ya miaka. Na nchi hii haijaandika popote."

Bi Mashavu alimsikiliza hadi mwisho. Akaichukua sindano yake, akaendelea.

Kulipopambazuka Siwatu aligundua kwamba nyumba ile ilikuwa na mlango wa nyuma, na kwamba mlango huo ulikuwa na kazi kuliko wa mbele. Waliingia mmoja mmoja, wameinamisha vichwa: mwalimu, muuza samaki, shekhe, binti wa harusi, hakimu. Kila mmoja alivua mkanda wa taifa bila neno. Bi Mashavu alimpima kiuno, akaupasua mkanda kwa nyuma, akashonea kiraka cha vidole vinne cha rangi ile ile, kwa mshono ambao hata yeye mwenyewe alilazimika kuutafuta kwa kidole. Kisha akafungua daftari na kuandika.

"Unaandika nini?" Siwatu aliuliza, na sauti ilimtoka nyembamba.

"Kipimo. Fundi asiyeandika vipimo ni mbabaishaji." Bi Mashavu alifungua kabati. Yalikuwamo madaftari thelathini na moja, moja kwa kila mwaka wa kazi yake. "Jina, tarehe, Nyumba aliyopitia, siku ya ngoma kama ilipigwa, siku aliyorudi kwangu, na kiuno. Wengine huniletea mikanda kila mwaka, kiraka hadi kiraka. Hata walioshindwa njiani huja, maana sheria imewafuta lakini haikuwapunguza. Tena watu huongea wakipimwa. Nimeandika anayelala vizuri, ambaye goti limetulia, ambaye sukari imeshuka japo tumbo liko pale pale."

Siwatu alikaa kitako sakafuni. Moyo ulimdunda kama wa msichana aliyeletewa posa. Utafiti alioutafuta dirishani kwa wakubwa, wa miaka thelathini, usiomwacha nje aliyeshindwa wala aliyerudia unene, ulikuwa kabatini kwa fundi cherehani.

"Dada, nipe."

"Sikupi," alisema Bi Mashavu, na uso wake ukafunga. "Watu hawa waliniamini. Kiuno cha mtu ni siri ya chumbani. Macho yangu yakifa, yafe. Sitauza siri ya mtu kuyaokoa."

Siwatu alitaka kubishana, akajizuia. Alijua anazungumza na mtu mwenye majivuno ya kazi kama yake, na mtu wa namna hiyo hasukumwi. Alisema tu, "Mimi sina haja na majina. Pumba ni hizo kwangu. Nataka vipimo."

Kwa siku mbili Bi Mashavu alifunga mlango wa nyuma. Siku ya tatu alimwekea Siwatu madaftari yote mezani. Juu ya kila safu ya majina, kurasa zote, alikuwa ameshona utepe mweusi, kwa mkono, mishono midogomidogo kama ya mavazi ya harusi.

"Haya, pepeta," alisema.

Walipepeta pamoja. Siwatu aliuliza, Bi Mashavu alisoma, na wakati mwingine alimsahihisha: "Huyo usimhesabu mara mbili, ni mkanda wa nakala." Siwatu alishangaa kuona jinsi fundi yule alivyoelewa upesi kuliko madaktari wengi aliowahi kuwafundisha. Alielewa kwamba mtu mmoja aliyepungua sana si ushahidi, na kwamba kumi waliorudi kimya ni ushahidi. Kwa siku nne hawakula chakula cha moto, na Siwatu alikiri moyoni kwamba hajawahi kupata mshirika wa kazi bora kuliko huyu.

Siku ya Baraza ikafika na kikwazo kipya. Bwana Ngwali alileta taarifa kwa masikitiko: hakuna anayeruhusiwa kuhutubia Baraza bila mkanda wa taifa uliofungwa, na wa Muasisi hautamtosha mgeni.

"Sheria inasema mkanda uwe na shubiri nne?" Bi Mashavu alimuuliza.

Karani alifikiri, maana alikuwa mtu mwaminifu. "Inasema uwe umeshonwa na fundi wa taifa, na uwe umefunga."

Bi Mashavu akampima Siwatu mbele yake, akashona mkanda wa shubiri tano na vidole vitatu, kitambaa kizima, bila kiraka, bila mshono wa siri. Ulikuwa mkanda wa kwanza katika historia ya Ukandani kukatwa kwa kiuno cha anayeuvaa. Siwatu aliufunga. Ukalia *ta*, ukatulia. Alitoka nao barabarani kifua mbele, na watu walisimama kumwangalia, wengine kwa kejeli, na wengine kwa wivu waliouonea aibu.

Uwanjani wakuu wa Nyumba Nne walitangulia kusema, na kila mmoja alikuja na ngoma yake. Mkuu wa Kufunga alisema unene ni ulafi. Mkuu wa Mbio alisema ni uvivu. Mkuu wa Sindano alisema ni upungufu wa sindano, na mkuu wa Mshono alisema wenzake wote wanapiga kelele nje ya tumbo ilhali jambo liko ndani. Kila mmoja alisoma mia kwa mia. Kisha Spika Shaame Mwinyikombo, mtu mrefu mwenye sauti ya kushusha radi, akamkaribisha mgeni "atuthibitishie."

"Ngoma ivumayo haidumu," Siwatu alianza, "na nyinyi mmezipima tiba zenu wakati ngoma inavuma." Akaeleza alichokiona. Katika kila kumi waliopigiwa ngoma Nyumba ya Kufunga, wanane walikuwa wamerudia kiuno chao, au karibu nacho, kabla ya mwaka wa tano. Mbio, saba. Sindano, wote waliosimamishiwa walianza kurudi, na wachache walioendelea nayo kwa hila walibaki walipo. Mshono, watatu tu kati ya kumi ndio waliorudi, ila wawili kati ya kumi waliugua kwa mshono wenyewe, na hao walifutwa kwenye Kitabu kama hawakupata kuzaliwa. Na kwa kila aliyemaliza Mbio, wanne waliingia wakaumia au wakachoka.

Watu walianza kunung'unika. Siwatu akapandisha sauti.

"Msinielewe vibaya. Sisemi tiba zenu ni bure! Aliyekimbia akapungua kidogo tu, sukari yake ilitulia na goti likapumzika, hata pale mkanda ulipokataa kufunga. Mmeitupa faida hiyo kwa sababu haikulia ngoma. Mwili uliopungua huvuta kurudi ulikotoka, kama kitambaa cha kunyumbulika, na si kwa ukaidi wa mwenye mwili. Mtu wa presha hamumnyang'anyi dawa siku presha inaposhuka. Kwa nini wa unene mnamnyang'anya? Hakuna Nyumba moja iliyo bora kwa wote. Ziacheni nne, mtu apelekwe inayomfaa, aendelee nayo kadiri anavyohitaji, na aandikwe, akifaulu, akishindwa, akirudi. Na asinyimwe dawa ya macho kwa sababu ya kiuno."

Spika alitabasamu. "Bibi Mpepetaji ametusomea hesabu nzuri. Lakini watu wake hawana majina. Sheria zetu haziwatambui. Asiye na jina Kitabuni hakuanza, hakurudi, hayupo. Au kuna yeyote hapa ambaye yupo?"

Uwanja mzima ukaangalia chini. Siwatu alijua, na kila mtu alijua, kwamba nusu ya migongo ile ilikuwa na viraka. Mpepetaji huonyesha punje. Hawezi kuwafungulia watu midomo wazile.

Ndipo Bi Mashavu alipoinuka. Alivua mkanda wake wa taifa mbele ya watu elfu, akaugeuza nje ndani, akauinua juu kwa mikono miwili.

"Mimi nipo," alisema. "Mashavu binti Juma, fundi wenu. Ngoma tatu mmenipigia, na mkaniimbia, na kila ngoma ina kiraka chake hapa, nimekishona mwenyewe na mshono ni mzuri, hamtaona mzuri kuliko huu. Sikuwa mvivu. Nimekimbia ukuta wenu mpaka kucha zikang'oka. Nimefunga mpaka nikaota ugali unaniita kwa jina. Na sasa nadungwa sindano na nawadanganya wapimaji, kwa sababu nikisema kweli mtanizimia macho. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sifichi tena. Sina haya na mwili uliopigana miaka yote hiyo. Karani, andika!"

Bwana Ngwali alishika kalamu, akamtazama Spika, akatazama Kitabu. Kisha, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, aliandika jina la mtu ambaye hakuwa amemaliza.

Mama wa kifundo kilichovimba akafuata, akichechemea. "Na mimi nilianza," alisema. "Mlinifuta, lakini nilianza." Akafuata muuza samaki, mkanda umegeuzwa nje ndani. Akafuata hakimu. Binti wa harusi alikuja na mumewe, na mume akageuza wake pia, mkewe akamtazama kwa mshangao, wakacheka. Uwanja ukajaa viraka. Watu waliokuwa wamejificha kwa jirani zao miaka na miaka walikuwa wanahesabiana kwa vidole na kubishana nani kashonewa vizuri zaidi, na Bi Mashavu alipita katikati yao akitambua kazi yake, amenyoosha shingo kama mama kwenye mahafali. Siwatu alimwangalia. Alijivuna kwa ajili yake kuliko alivyowahi kujivuna kwa ajili ya nafsi yake, na si jambo dogo hilo.

Kura zilipigwa kwa kusimama. Muswada wa Mbio ulianguka. Sheria ya kwanza ya Kitabu ilifutwa, na ya pili, ya kumsimamishia dawa aliyepona, ikafuata; Nyumba zote nne zikaachwa, na ikaamriwa kwamba aliyepona asinyang'anywe kilichomponya. Bwana Ngwali alifungua Kitabu kipya, akachora safu tatu, za walioingia, waliotoka na waliko sasa, na watu wakapanga foleni. Foleni hiyo ilizunguka uwanja mara mbili. Siwatu alikaa kando ya Karani akimwonyesha wapi pa kuandika nini.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa Spika Shaame Mwinyikombo. Alisimama mbele ya meza bila ile sauti yake, mikono mgongoni.

"Fundi atanisomea," alisema taratibu. "Madaftari yote yako kwake."

"Lako sina, Mheshimiwa," Bi Mashavu alisema, uso mkavu. "Mimi sijui siri ya mtu. Sema mwenyewe."

Watu walikuwa wameanza kusogea. "Viraka viwili," Spika alisema.

Bi Mashavu alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, jicho moja amelifumba, na uzi ukapita mara ya kwanza.

Spika alimtazama, kisha akautazama ukuta wa mbali wenye jina lake la herufi kubwa. Akaurudisha mgongo wake wima, akageukia watu wake, na ile sauti ya radi ikamrudia.

"Vitatu!" alisema. "Na cha tatu kilishonwa juzi."